Mbwa na Tarumbeta: Mwongozo Kamili wa Kumlea Mbwa Kwenye Nyumba ya Muziki

Napiga tromboni, ile tarumbeta ndefu yenye mrija wa kuteleza, kwenye kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu huku Machame, na mazoezi ya Jumatano jioni tunafanyia uani kwangu kwa sababu pana nafasi. Nina mbwa wawili. Simba, dume la rangi ya udongo, nikivuta tu noti ndefu anainua pua juu, anafumba macho na kulia pamoja nami, uuuuu, mpaka nishushe pumzi. Chausiku, jike jeusi, hatoi sauti yoyote. Kwa karibu mwaka mzima nilimhurumia Simba nikidhani masikio yanamuuma, na nilimsifu Chausiku kwamba amezoea.

Jumatano moja ya Julai, tukiwa katikati ya mazoezi, nilishuka kihambani, kwenye migomba na mibuni yetu, kutafuta kamba. Nyuma ya rundo la majani ya ng'ombe nikamkuta Chausiku amejikunja, mkia ameubana tumboni, masikio yamelala nyuma, anahema ulimi nje kama aliyekimbizwa, na jioni ile ilikuwa ya baridi kali. Nilimpa dagaa, chakula anachokipenda kuliko vyote. Alimnusa, akageuza uso. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayepiga kelele alikuwa anaimba, na aliyenyamaza ndiye aliyekuwa anateseka.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi, kwa kusoma na kwa kukaa nao uani. Nayaandika kwa ajili ya kila mwenye mbwa na chombo cha muziki nyumbani: mpiga gitaa, mwalimu wa kinanda, kijana mwenye sabufa, mama mwenye redio jikoni.

Anachosikia yeye si unachosikia wewe

Sikio la binadamu mwenye afya hushika sauti za kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Mbwa hushika kuanzia kama 67 hadi 45,000. Kwenye sauti nene hatutofautiani sana; kwenye sauti nyembamba ametuacha mbali. Sikio lake ni kali zaidi kwenye mitetemo kama 8,000, na sauti hafifu za juu ambazo kwako ni kimya, kwake ni sauti kamili. Mwingereza Francis Galton alilifanyia kazi jambo hili mwaka 1876 alipotengeneza filimbi ya kupima usikivu, na filimbi zile za mbwa zinazouzwa leo, ambazo mtu hasikii chochote zikipulizwa, zimetokana na hiyo yake.

Sasa chukua matoazi. Yakigonganishwa, sehemu isiyo ndogo ya nguvu ya mlio wake iko juu ya 20,000, nje ya masikio yetu. Tarumbeta nayo hutoa mitetemo ya juu kupita usikivu wetu. Kwa hiyo unapogonga matoazi sebuleni, mbwa anasikia mengi kuliko wewe.

Hili pia linaeleza jambo ambalo wengi wameniuliza: mbona mbwa wangu hajali tarumbeta ikipigwa redioni, lakini ukitoa ya kweli anakimbia? Ukiacha ukubwa wa sauti, muziki uliorekodiwa umekatwa juu. Sauti ya CD haiwezi kupita mitetemo 22,050, na spika ndogo za simu haziwezi kutoa hata sauti nene ipasavyo. Kilichobaki ni kivuli cha chombo. Kumbuka hili tukifika kwenye mazoezi.

Hatua ya kwanza: mwangalie wiki nzima kabla ya kubadili chochote

Tafuta daftari. Kila muziki unapopigwa andika mambo manne tu: chombo gani, kipo hatua ngapi kutoka kwa mbwa, kimepigwa muda gani, na mwili wake ulifanya nini. Usimwite, usimpapase, usimtulize. Mwangalie tu.

Anza na mkia na mdomo. Mbwa aliyetulia mdomo wake umelegea, mkia uko pale unapokaa siku zote, na akilala analala ubavu. Mwenye wasiwasi hulamba pua mara kwa mara ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, huinua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani, hujikung'uta kama aliyelowa mvua. Macho nayo husema: akigeuza kichwa pembeni huku jicho likibaki kwako mpaka weupe wake unaonekana, hajisikii vizuri. Hofu yenyewe ikishaingia utaona mkia tumboni, kutetemeka, kuhema, mate, kujificha, na kukataa chakula.

Hiyo ya chakula ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haihitaji utaalamu. Tupa kipande kidogo cha ini karibu naye muziki ukiendelea. Akila kama kawaida, bado anaweza kustahimili. Akila kwa kunyakua na kurudi nyuma, umekaribia mpaka. Asipokula, umeshavuka.

Kulia kwa mbwa, na kwa nini si lazima kuwe maumivu

Kwetu mbwa akilia usiku wazee husema kuna msiba unakuja, kwa hiyo sauti ile ndefu inatushtua hata kabla hatujaisikiliza. Lakini mwangalie Simba anapolia na tromboni. Hakimbii. Anakuja. Anakaa mita tatu kutoka kwangu, mwili umelegea, na nikimaliza anatingisha mkia akinitazama kama anayeuliza kama tunaendelea.

Mbwa ana ukoo na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, na wale huitana kwa milio mirefu wakiwa mbali mbali. Mlio wao, kwa vipimo vilivyochukuliwa Kanada miaka ya 1960, huwa kati ya mitetemo 150 na 780. Tarumbeta ya kawaida inaanzia kama 165 na kupanda hadi 930 hivi. Unaona zinavyokaa juu ya njia moja. Tromboni inazidi kwa sababu mrija wake unateleza, kwa hiyo noti hupanda na kushuka bila ngazi, kama mlio wenyewe. King'ora cha ambulensi hufanya hivyo hivyo. Adhana kwenye kipaza sauti, kengele ya kanisa, mtu anayeshika noti moja kwa muda mrefu: zote zina ule urefu. Ngoma hazina, ndiyo maana ni nadra kumsikia mbwa akiilia ngoma.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, walichapisha kazi waliyofanya na mbwa 68 wa kufugwa. Waliwasikilizisha milio ya mbwa mwitu. Wale wa jamii za kale, zilizo karibu zaidi na mbwa mwitu kwa damu, ndio walioelekea kujibu kwa mlio mrefu, hasa waliozidi umri wa miaka mitano. Jamii nyingine zilielekea kubweka. Kwa hiyo usimlazimishe mbwa wako kuimba kwa sababu wa jirani anaimba, na usimuadhibu akiimba.

Kipimo changu ni miguu yake. Anayelia huku akikusogelea au akikaa, anashiriki. Anayelia huku akizunguka, akikwaruza mlango, au akilia na wewe umeshanyamaza zamani, huyo ana dhiki.

Hatua ya pili: mpe pa kwenda

Kabla ya mafunzo yoyote, ondoa mnyororo. Mbwa aliyefungwa karibu na ngoma hana la kufanya ila kuogopa, na hofu ya mara moja yenye nguvu inaweza kukaa naye miaka. Kama lazima afungwe kwa usalama wa wageni, afungwe mbali, upande wa pili wa nyumba, akiwa na kivuli na maji.

Umbali ni dawa ya bure. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tarumbeta kwa karibu inaweza kuvuka desibeli 100, na mafundi wa kiwandani hushauriwa kuvaa kinga za masikio kuanzia 85. Ukipigia mita 2 kutoka kwa mbwa, kisha ukasogea mpaka mita 16, umezidisha mara mbili mara tatu. Umepunguza desibeli 18 bila kutumia hata senti. Ndani ya nyumba hesabu hii haifanyi kazi vizuri, kwa kuwa kuta za tofali na bati huirudisha sauti. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji ndicho kibaya kuliko vyote. Tandika mkeka, tundika khanga au pazia zito, fungua dirisha.

Mlango wa chumba unachopigia uwe wazi daima. Mbwa anayejua anaweza kuondoka, mara nyingi haondoki. Hili nimeliona kwa macho yangu na sijawahi kuliona likishindwa kusaidia.

Hatua ya tatu: mazoezi ya kumzoesha

Hapa ndipo watu huharibu kwa haraka. Msingi ni mmoja: sauti ije kwanza, kitu kitamu kifuate, na sauti iwe ndogo kiasi kwamba haijamtisha. Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na mate, alitumia metronomu, kile kidude cha wanamuziki cha kupimia mwendo, pamoja na vyombo vingine. Mbwa alijifunza kwamba mlio ule wa tiki-tiki unaleta chakula. Wewe unafanya kazi hiyo hiyo, ila lengo lako ni moyo utulie. Ukianza na chakula ndipo sauti ifuate, unaweza kumfundisha kwamba dagaa ni dalili ya jambo baya linalokuja, na nimemwona mbwa anayekimbia bakuli kwa sababu hiyo.

Andaa vipande vidogo vya ini la kuchemsha bila chumvi, au dagaa wa Mwanza wakavu waliooshwa, kila kimoja ukubwa wa ukucha. Fanya dakika tano, mara mbili kwa siku, mbwa akiwa ameshatembea na hana njaa kali.

Siku mbili tatu za kwanza chombo kinakaa kimya. Kiweke chini, umwache akinuse. Akikikaribia, mpe. Tarumbeta kwa mbwa ni kitu cha ajabu hata isipolia: inang'aa, ina harufu ya mafuta ya valvu na mate ya mtu. Usimsogezee usoni, acha aje mwenyewe.

Kisha kisogeze. Ichukue, iweke mdomoni bila kupuliza, mpe. Ishushe. Rudia mpaka kitendo cha kuinua chombo kinamfanya akutazame mkononi kwa furaha. Wengi huruka hapa wakidhani ni kupoteza muda, lakini mbwa mwenye hofu huanza kuogopa kabla ya noti ya kwanza, pale tu anapoona mkoba ukifunguliwa.

Baada ya hapo, sauti ndogo kabisa. Kwa tarumbeta, toa kile kipande cha mdomoni upulize peke yake, hatua ishirini kutoka kwake. Mlio wake ni kama bata. Mara moja, fupi. Mpe mara moja. Subiri apumue. Tena. Kwa Chausiku sehemu hii peke yake ilichukua siku tisa, na mke wangu ndiye aliyekaa naye akitoa ini huku mimi nikipuliza kutoka kwenye mibuni. Watu wawili ni bora, kwa sababu huwezi kupuliza na kulisha kwa wakati mmoja.

Ukipandisha, pandisha kitu kimoja tu. Ama sogea hatua mbili karibu, ama ongeza urefu wa noti, ama ongeza nguvu. Usifanye mawili siku moja. Tumia kizibo cha kupunguza sauti ya tarumbeta mwanzoni kama unacho. Akikataa chakula au akibana mkia, umekwenda mbio: rudi pale alipokuwa mtulivu mara ya mwisho, maliza hapo, pumzika mpaka kesho. Kurudi nyuma hutokea mara nyingi na hakuna ubaya.

Kuanza kwa rekodi kwenye simu kunasaidia, lakini usidhani ukimaliza rekodi umemaliza kazi. Nilieleza juu: rekodi haina kile kipande cha sauti anachokisikia yeye peke yake. Ukihamia chombo chenyewe, anza upya kutoka mbali.

Na jambo hili nalisisitiza kwa moyo wote: mbwa mwenye hofu ukimfariji hutamharibu. Akikujia wakati wa kelele akaegemea mguu wako, mwache aegemee, mwekee mkono kifuani. Hofu si tabia mbaya inayolipwa. Fimbo na kufoka ndivyo vinavyoharibu, kwa kuwa sasa muziki na bwana wake vimekuwa kitisho kimoja.

Vyombo vyenyewe

Gitaa lisilo na umeme na kinubi ni rahisi. Mbwa wengi hulala miguuni kwa mpigaji wiki ya kwanza. Kinanda cha umeme kina shida moja tu, sauti ya ghafla ukikiwasha na spika zimeachwa juu, basi shusha kwanza.

Fidla, zumari, filimbi na kinanda cha mdomo ni vikali kwenye zile sauti nyembamba. Anayejifunza fidla, mwenye upinde usiotulia, hutoa mikwaruzo ambayo hata mtu humsumbua. Mpe mbwa chumba kingine miezi hiyo.

Ngoma na sabufa husafiri chini. Mbwa aliyelala sakafuni anapokea mtetemo kwa mwili mzima, na kuziba masikio hakusaidii. Weka ngoma juu ya zulia au gunia lililokunjwa, na umtengenezee mbwa kitanda kilichoinuliwa, hata kichaga cha mbao chenye blanketi. Mazoezi yaanze kwa vidole juu ya ngozi iliyofunikwa kitambaa.

Matoazi nayaweka mwisho na kwa tahadhari kubwa. Kwa mbwa mwoga sioni haja ya kumzoesha. Ondoka nayo, au muondoe yeye.

Kipaza sauti kikipiga ule mlio mkali wa "wiiii" ni adui wa kila mbwa. Fundi mitambo afanye majaribio kabla mbwa hajawa karibu.

Muziki wa kumtuliza

Upande wa pili, muziki unaweza kumsaidia mbwa anayebaki peke yake. Mwaka 2002 Deborah Wells na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwapigia muziki mbwa 50 wa kituo cha kuhifadhia mbwa. Muziki wa klasiki wa Ulaya uliwafanya wapumzike zaidi. Metali nzito, ule muziki wa magitaa makali, iliwaongezea kubweka. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, kwa mbwa 117, kilipata mfano wa hayo: klasiki ilileta usingizi zaidi, metali nzito ilileta kutetemeka. Kisha 2017 Chuo Kikuu cha Glasgow kwa kushirikiana na shirika la ustawi wa wanyama la Uskoti kilijaribu aina tano, na rege pamoja na roki laini ndizo zilizoonyesha dalili kubwa zaidi za moyo kutulia. Watafiti hao hao walikuwa wameona kwamba muziki mmoja ukirudiwa, baada ya siku chache mbwa huuzoea na utulivu hupungua.

Kwa matumizi ya nyumbani: chagua muziki wa mwendo wa taratibu usio na milipuko ya ghafla. Taarab ya zamani yenye fidla laini na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, hufaa, rege hufaa, nyimbo za kwaya za pole pole hufaa. Sauti iwe ndogo kiasi kwamba mkizungumza hamhitaji kuinua sauti. Badilisha kila siku. Usiache redio saa ishirini na nne. Hata mbwa anahitaji kimya. Na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: kuwasha muziki pale tu unapotoka. Mbwa hujifunza haraka kwamba wimbo huu maana yake naachwa. Uwashe pia ukiwa umekaa naye, jioni, mkono wako ukiwa mgongoni kwake.

Wale wanaokumbuka santuri za His Master's Voice wanaijua picha ya mbwa ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni. Aliitwa Nipper, alizaliwa Bristol mwaka 1884, na lebo hiyo ndiyo iliyobeba sauti ya Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928. Kile kichwa kilichoinama kipo kweli. Mbwa huinamisha kichwa anaposikia kitu anachokitilia maanani. Ukikiona, umepata muziki unaomgusa.

Mwimbaji naye afundishwe mipaka

Simba sikumnyamazisha, ila majirani wana haki ya usingizi. Nilimfundisha mwanzo na mwisho. Akianza kulia nasema "imba". Nikishusha tromboni na yeye akanyamaza hata sekunde mbili, nasema "basi" na kumpa dagaa. Wiki tatu zilitosha. Sasa wakati wa mazoezi ya pamoja nasema "basi", na anakwenda kulala barazani na mfupa wake. Nyimbo mbili za mwisho namruhusu.

Lini umwone daktari wa mifugo

Mbwa aliyekuwa hajali muziki, akaanza kuuogopa ghafla akiwa ameshakomaa, usimfundishe kwanza. Mpeleke. Maambukizi ya sikio hufanya sauti iume: angalia kama anatikisa kichwa, anajikuna, sikio linanuka au lina utando mweusi. Maumivu ya viungo pia huleta hofu ya kelele, kwa sababu anaposhtuka mwili unakaza na kiungo kinauma, naye anaiunganisha sauti na uchungu ule. Kinyume chake, mbwa mzee ambaye sasa analala fofofo kando ya ngoma huenda masikio yameisha. Mguse taratibu kabla ya kumwamsha. Wenye hofu kali hata wanajiumiza kwa kuruka madirishani wana dawa zao, na anayezitoa ni daktari. Usimpe dawa za binadamu.

Harusi ya jirani na mkesha wa Mwaka Mpya

Siku kama hizo hazizoeshwi, hupangwa. Mtembeze mchana, umlishe mapema, saa moja kabla ya sabufa kuanza mwingize chumba cha katikati chenye madirisha machache. Ziba mianya kwa blanketi, washa feni au redio kwa sauti ya chini ifunike milio ya nje, mpe mfupa. Hakikisha geti limefungwa na ana mkanda wa shingoni wenye namba ya simu, maana fataki za saa sita usiku hupoteza mbwa wengi.

Chausiku sasa, mkifika Jumatano, mtamkuta chini ya mgomba wa tatu, kama hatua thelathini kutoka kwetu. Analala ubavu. Nilijaribu kumsogeza mpaka hatua kumi na tano akaanza kulamba pua, nikamrudisha. Tulipoanza wimbo wa mwisho wiki iliyopita alikula dagaa watano mfululizo mkononi mwa mke wangu, akanyoosha miguu, akasinzia.